Bibi anahesabu kwa mgomo na foleni, kitabu kinahesabu kwa ukoloni na uhuru: nifuate kipi?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Naishi Dar es Salaam na ninaandika historia ya familia yetu pamoja na mtaa wetu wa Kariakoo, kuanzia wazee wa bibi yangu mzaa mama. Nimeigawa sura tatu kama tulivyofundishwa shuleni: kabla ya ukoloni, wakati wa ukoloni na baada ya uhuru. Nilipomsomea bibi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema hayo ni mambo ya serikali, si yake. Yeye anahesabu hivi: vita vya Mjerumani, mgomo, majumba yalipochukuliwa, wakati wa foleni, ruksa. Nifuate kitabu au nimfuate bibi? Na kazi yangu iko kwenye tawi gani la historia: siasa, uchumi au jamii? Nina mpango wa kwenda kusoma chuoni, ningependa kujua naelekea wapi."

Marahaba, mwanangu. Mfuate bibi, ila kitabu usikitupe. Kitabu kimejibu swali moja kubwa, nalo ni nani alikuwa akitawala. Wewe hukuuliza hilo. Wewe unataka kujua familia moja iliishije Kariakoo: ilipanga kwa nani, ilikula nini, ilifanya kazi gani, ilioza mabinti wake wapi. Maswali hayo mawili hayawezi kukatwa kwa miaka ileile. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ilibadilika. Kodi ya chumba haikubadilika usiku huo. Vipindi vya historia huwekwa na mtu mwenye swali, na tawi la historia si kitu kingine ila aina ya swali. Kwa hiyo maswali yako mawili kwangu ni moja. Ukishajua unafuatilia nini, utajua miaka ya kukata na utajua uko tawi gani.

Tuone kwanza huu mtindo wa kugawa kwa tatu ulikotoka, maana wengi wanadhani umekuwepo siku zote. Ulaya waliugawa wakati wao katika kale, kati na mpya. Mshairi wa Italia, Petrarca, katika karne ya 14 aliitazama miaka iliyofuata kuanguka kwa Roma kuwa ni miaka ya giza. Mwishoni mwa karne ya 17 Mjerumani Christoph Cellarius akaipanga historia ya dunia kwa sehemu hizo tatu katika vitabu vyake, na shule za Ulaya zikaupokea mpango huo. Mipaka yake inajulikana: mwaka 476 mfalme wa mwisho wa Roma ya magharibi aliondolewa, mwaka 1453 Waturuki waliiteka Constantinople, mwaka 1492 Columbus alivuka Atlantiki. Kwa mtu wa Roma hayo ni mambo mazito. Kwa mtu wa pwani yetu mwaka 476 hauna habari yoyote. Tena hizo "zama za kati" ambazo Ulaya ilizionea haya ndizo zama Kilwa ilipong'ara. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu uzuri wa mji, na masultani wake walikuwa wakitengeneza sarafu zao wenyewe za shaba.

Mgawanyo wetu wa kabla, wakati na baada ya ukoloni una umbo hilohilo la tatu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifanya kazi kubwa ya kubadilisha yaliyomo. Idara ya Historia ya miaka ya 1960, iliyoongozwa kwanza na Terence Ranger, ikawa na watu kama Isaria Kimambo na Arnold Temu, ilisimama kumwonyesha Mwafrika kuwa mtendaji katika historia yake na si mtendewa tu. Mwaka 1968 wanafunzi walipelekwa kusini kukusanya masimulizi ya Vita vya Majimaji ya 1905 hadi 1907 kutoka kwa wazee ambao bado walikuwa na kumbukumbu. Kazi ile naiheshimu mno. Bila yao leo tungekuwa tunasoma Majimaji kwa ripoti za maofisa wa Kijerumani peke yake. Lakini mipaka ya vipindi ilibaki ileile. Ukoloni uliendelea kukaa katikati, na kila kitu kikapimwa kwa umbali wake kutoka hapo.

Wapo waliolipinga jambo hilo. Ade Ajayi, mwanahistoria wa Nigeria, alidai kwamba ukoloni ni tukio moja tu katika historia ndefu ya Afrika, lilikuja likapita, na taasisi nyingi za Waafrika ziliendelea chini yake. Walter Rodney, aliyefundisha hapa Mlimani, yaani Chuo Kikuu hichohicho cha Dar es Salaam, aliona kinyume. Kwake kipindi cha ukoloni kilikuwa kifupi lakini kiliamua mambo, kwa sababu ndani yake Mwafrika alipokonywa mamlaka, na asiye na mamlaka hawezi kuchagua mwendo wake. Nimewafundisha wote wawili kwa miaka mingi, na siamini kwamba unalazimika kumchagua mmoja. Ukiuliza habari za ardhi, sheria, reli na kodi, Rodney ana haki: ukate ukoloni peke yake na ukate kwa kisu kikali. Ukiuliza habari za lugha, ndoa, dini na undugu, Ajayi ana haki: hao waliokuwa wakioana, wakizikana na kusomesha watoto madrasa mwaka 1880 walikuwa wakifanya hivyo mwaka 1920, na mpaka wa kisiasa ukiupitisha hapo utaivunja habari pasipovunjika.

Kuna jambo moja ambalo silivumilii kabisa, nalo ni sura inayoitwa "kabla ya ukoloni". Hebu fikiria inabeba nini. Nenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, uulize habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Oldupai mwaka 1959: lina umri wa miaka milioni 1.75. Wahunzi wa Kagera walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Katika karne ya kwanza baharia mmoja wa Kigiriki aliandika habari za bandari ya Rhapta kwenye pwani hii. Kisha ikaja miji ya Kilwa, Kaole na Kunduchi, kisha Wareno walioishambulia Kilwa mwaka 1505, kisha Waomani. Yote hayo tunayasukumia ndani ya sura moja, halafu tunawapa Wajerumani na Waingereza, waliokaa Dar es Salaam miaka 74 kwa jumla, sura nzima ya kwao.

Kunduchi si mbali, kwa hiyo nenda ukaone mwenyewe. Utakuta magofu ya msikiti wa karne ya 15 au ya 16 na makaburi yaliyosimamishiwa nguzo za mawe na chokaa. Tazama nguzo kwa karibu: zina vishimo vya mviringo, kila kimoja upana wa bakuli. Humo yalipachikwa mabakuli ya kauri ya China, na sehemu nyingine limebaki shimo tu au kipande cha chini cha bakuli. Mtu aliyezikwa pale alikuwa na jamaa waliopata vyombo vya China na wakaona vinafaa kupamba kaburi badala ya meza. Swali la kuuliza pale ni nani alifanya biashara na nani, na utajiri ulionyeshwaje. "Kabla ya ukoloni" haijibu lolote kati ya hayo; inakwambia tu kwamba Mjerumani alikuwa hajafika, na marehemu huyo hakuwa akimngoja.

Kwa familia yako ya Kariakoo, hicho unachokiita kabla ya ukoloni huenda kikawa kizazi kimoja au viwili tu. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga mji wake mpya karibu na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860. Alipofariki mwaka 1870, ndugu yake Barghash aliuacha, majengo yakaanza kubomoka. Kampuni ya Kijerumani iliweka kituo mwaka 1887, na mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahamishwa kutoka Bagamoyo kuja hapa. Kama wazee wa bibi walikuja Dar es Salaam baada ya hapo, basi sura yako ya kwanza inapaswa kuwa ya mahali walikotoka na sababu ya kuondoka, iwe ni Uzaramo, Rufiji, Kilwa, Unyamwezi au Manyema. Hiyo ni historia ya uhamaji, na mpaka wake ni siku walipofika mjini.

Mgawanyo wa Zama za Mawe, za Shaba na za Chuma sitaukalia sana. Aliyeuweka ni Christian Jürgensen Thomsen wa makumbusho ya Copenhagen, aliyekuwa na shehena ya vitu vya kale visivyo na tarehe. Alivipanga kwa kufuata kilichotumika kutengenezea zana, na mpango wake ukachapishwa mwaka 1836. Kwa Denmark ulifungua macho. Huku kwetu Zama za Shaba hazikuwepo. Watu walitoka kwenye zana za mawe wakaingia kwenye chuma, na kwa muda mrefu wawindaji wenye zana za mawe na wakulima wenye majembe ya chuma waliishi jirani. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hadi leo wanawinda na kuchimba mizizi huku mishale yao ina vichwa vya chuma. Zama hizo zinaeleza zana. Akili na hadhi ya watu ni habari nyingine, na anayezitumia kupanga makabila kwenye ngazi amezitoa kwenye kazi yake.

Upo pia mgawanyo ambao kila aliyesoma historia sekondari hapa nchini anaujua: ujima, utumwa, ukabaila, ubepari, ujamaa. Huu nautetea kwa jambo moja. Unakulazimisha kuuliza nani alizalisha na nani alichukua kilichozalishwa, swali ambalo orodha ya watawala haiulizi kamwe. Lakini ukiufanya ngazi ambayo kila jamii lazima ipande hatua kwa hatua, unakwama mara moja, na unakwama karibu sana na nyumbani. Tazama mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba katika karne ya 19. Wanaochuma ni watumwa. Mwenye shamba ni mwinyi mwenye heshima na wafuasi wake. Anayemkopesha fedha ni mfanyabiashara wa Kihindi. Karafuu inauzwa kwenye soko la dunia na bei yake inapanda na kushuka huko. Utumwa, ukabaila na ubepari, yote katika shamba moja, mwaka mmoja. Ukisema "hiki kilikuwa kipindi cha utumwa" umesema theluthi moja ya kweli.

Hapo kuna funzo kwa kazi yako pia. Watu wengi wanaamini utumwa ulikwisha mwaka 1873, soko la Zanzibar lilipofungwa. Lililofungwa ni soko. Zanzibar, hali ya utumwa iliondolewa kisheria mwaka 1897. Tanganyika, Wajerumani walitawala mpaka wakafukuzwa bila kuifuta moja kwa moja. Sheria ya kuifuta ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo historia ya utumwa haikatwi na 1885 wala 1891. Inaupita mpaka huo na kuingia ndani kabisa ya mji ambao wazee wa bibi waliishi. Ukilifikia jambo hili katika mazungumzo ya familia, nenda nalo taratibu na kwa adabu. Ziko familia ambazo hadi leo hazitaji nani alikuwa wa nani, na haki yao ya kunyamaza uiheshimu.

Sasa tuje Kariakoo penyewe, nikuonyeshe jinsi kila tawi linavyokata kwa kisu chake.

Mwanahistoria wa siasa atakwambia: 1916 Waingereza wanaingia Dar es Salaam mwezi Septemba; 1929 inaundwa African Association; tarehe 7 Julai 1954 inazaliwa TANU; 1961 uhuru. Orodha hiyo ni fupi, na mtaa wako umo ndani yake, kwa sababu mengi ya hayo yalifanyika kwa miguu kutoka nyumbani kwa bibi.

Mwanahistoria wa mji atakata tofauti. Ataanza na kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891, zilizoanza kutenganisha aina za nyumba, na kwa hiyo watu. Atasimama kwenye kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, iliyolipa eneo jina lake la Kariakoo, na asiwapite haraka, maana makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika Vita ya Kwanza ya Dunia, wengi kwa maradhi na njaa. Ataeleza Waingereza walivyougawa mji kuwa Uzunguni, Uhindini na sehemu ya Waafrika, Mnazi Mmoja ikaachwa wazi katikati. Kisha ataingia ndani ya nyumba ya Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani nyuma na jiko na choo. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili, vingine anapangisha, na wenye nyumba hao wengine walikuwa wanawake. Nyumba hiyo imepita utawala wa Mjerumani, wa Mwingereza na wa Tanganyika huru bila kubadilika umbo. Mpaka wake halisi ni siku ilipobomolewa ikapandishwa ghorofa. Kwa mwanahistoria wa mji, mwaka 1975 lilipofunguliwa soko jipya lililosanifiwa na Beda Amuli, na Julai 2021 lilipoungua, ni miaka mikubwa kuliko chaguzi nyingi.

Mwanahistoria wa kazi naye atamshukuru bibi yako kwa kulitaja neno mgomo. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na Septemba 1947 mgomo wao ulienea mjini kote na kuifuata reli kwenda bara. Waliongezewa mishahara. Mwaka 1950 waligoma tena, safari hii ikaishia kwenye vurugu na chama chao kikavunjwa. Kati ya 1947 na 1950 kuna kipindi kamili, chenye mwanzo, ushindi na kushindwa, ambacho mgawanyo wa kabla na baada ya uhuru hauoni kabisa. Kwa familia iliyokuwa ikila mshahara wa bandarini, mwaka 1947 ndio uliobadilisha chungu.

Mwanahistoria wa utamaduni atafuata ngoma. Ranger, yuleyule wa Mlimani, alifuatilia ngoma ya beni tangu miaka ya 1890 hadi 1970, vikundi vya Marini na Arinoti vikishindana kwa mavazi, vyeo na tarumbeta, na aliweza kueleza miaka 80 ya maisha ya mijini bila kusimama kwa heshima kila bendera inapobadilishwa. Wa michezo atakata mwaka 1935 ilipoanzishwa Yanga, na 1936 ilipoanzishwa timu ambayo baadaye iliitwa Sunderland na mwaka 1971 ikawa Simba. Usilicheke tawi hili. Undugu wa Kariakoo, ugomvi wake, na hata misaada ya mazishi ilipita kwenye vilabu hivyo.

Mwanahistoria wa wanawake atakuambia kwamba bila yeye hata hiyo historia ya siasa haieleweki. Bibi Titi Mohamed alijiunga na TANU mwaka 1955 akiwa tayari kiongozi wa kuimba katika kikundi cha ngoma mjini hapa. Wanawake wa vikundi hivyo walikuwa na viongozi, michango, taarifa zinazosafiri nyumba hadi nyumba, na uzoefu wa kujaza uwanja. TANU ilipata wanachama wanawake kwa haraka kwa sababu mtandao ulikuwepo. Ukianzisha sura yao mwaka 1954 umewakuta katikati ya safari.

Tawi la tiba nalipita haraka, ila jua kwamba Robert Koch alikuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria, na mawazo ya madaktari kuhusu mbu na watu yalichangia kuupanga mji. Mazingira, dini, sheria, fikra: kila moja lina kalenda yake. Akiolojia ni taaluma jirani kuliko tawi. Inasoma vitu pale ambapo maandishi hayapo au hayatoshi.

Mfaransa Fernand Braudel alilipanga jambo hili vizuri katika kazi aliyoichapisha mwaka 1949, ambayo sehemu kubwa aliiandika akiwa mfungwa wa vita Ujerumani. Aliona wakati una miendo mitatu. Upo wa polepole sana, wa bahari, milima na majira. Upo wa kati, wa bei, idadi ya watu na mifumo ya jamii. Upo wa haraka, wa matukio na watu wenye majina. Hapa pwani mwendo wa kwanza unaujua bila kusomeshwa: kaskazi ilileta majahazi, kusi ikayarudisha, tangu enzi za Rhapta mpaka zilipokuja meli za mvuke. Kazi nzuri ya historia inasikiliza miendo yote mitatu, na kushindwa kwa sura zako tatu ni kwamba zinasikiliza wa haraka peke yake.

Sasa bibi. Kuhesabu wakati kwa matukio yaliyomgusa mtu ni njia kongwe na yenye nidhamu yake. Wagogo wana njaa ya Mtunya, iliyoanza 1917 na kufika 1920. Kwenye kitabu, vita vimekwisha 1918 na amani imekuja. Ugogo, watu walikuwa bado wanakufa, kwa sababu majeshi yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume, kisha mvua zikakosa. Wamaasai wana Emutai, miaka ya mwisho ya karne ya 19 ambapo sotoka iliteketeza ng'ombe, na ndui na vita vikafuata. Wanaohesabu kwa rika wanaweza kukupangia karne nzima kwa majina ya rika zilizotahiriwa. Hata wanahistoria wakubwa wamekubali kuhamisha mipaka kwa namna hii: UNESCO ilipoandaa Historia ya Jumla ya Afrika katika juzuu 8 za awali, juzuu ya nane, chini ya uhariri wa Ali Mazrui, ilianzia mwaka 1935, Italia ilipoivamia Ethiopia. Ukikata hapo unamwambia msomaji kwamba Vita ya Pili ya Dunia ilianzia Afrika, miaka minne kabla ya tarehe ya Ulaya.

Vipindi vya bibi vinapata tarehe bila shida. Vita vya Mjerumani ni 1914 hadi 1918, na kwa Dar es Salaam kilele chake ni Septemba 1916. Mgomo, kwa uwezekano mkubwa, ni wa 1947. Majumba yalichukuliwa Aprili 1971, kwa sheria iliyotaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mengi yalikuwa ya Wahindi, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na watu ambao hawakuwahi kufikiria kukaa katikati ya mji wakaanza kupanga huko. Foleni zilizidi baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979: sukari, sabuni, khanga, unga, na ule unga wa njano ambao watu wa mjini waliuita wa Yanga. Ruksa ni zama za Mzee Mwinyi, aliyeingia mwaka 1985, ingawa milango ya kuagiza bidhaa ilianza kufunguliwa 1984.

Lakini usiyachukue maneno ya bibi bila kuyapima, kama usivyochukua ya kitabu. Kumbukumbu huunganisha matukio yanayofanana. Migomo minne ya bandari inaweza kukaa kichwani kama mmoja. Muulize mzee mwingine wa mtaa, peke yake, bila kumtajia alichosema bibi. Kisha nenda Nyaraka za Taifa, Upanga, ukaombe mafaili ya mji na ya kazi. Tafuta magazeti ya Kiswahili ya wakati ule: Mambo Leo la serikali, lililoanza 1923, na Kwetu la Erica Fiah, lililoanza 1937, ambalo liliandika malalamiko ya wakazi wa mji kwa sauti ambayo Mambo Leo halikuwa nayo. Nyumbani, omba kuona hati ya kiwanja, risiti za kodi, kadi ya TANU, cheti cha ndoa. Mpaka unaotajwa na bibi, ukatajwa na jirani, na ukaonekana kwenye karatasi, huo uweke kwa ujasiri. Unaotajwa na mtu mmoja uuandike kwa jina la msemaji.

Ningekuwa wewe, sura ya kwanza ningeiandika ya safari ya kuja mjini mpaka 1916; ya pili kutoka kambi ya wapagazi hadi mgomo wa 1947; ya tatu 1947 hadi 1971; ya nne 1971 hadi 1984; ya tano kuanzia hapo. Uhuru utaangukia katikati ya sura ya tatu. Wapo watakaokulaumu kwamba umeudharau. Waonyeshe kwamba umeupa nafasi yake: eleza mikutano, kadi zilizofichwa chini ya godoro kama zilikuwepo, nani wa familia alikwenda uwanjani usiku ule, kisha endelea na kilichobadilika baadaye na kisichobadilika. Mtu anayeujua mwaka 1961 kwa undani huo anauheshimu kuliko anayeuweka kama kichwa cha habari na kuupita.

Tawi lako, basi, ni historia ya jamii ya mji, na njia yako kuu ni historia simulizi. Utakopa kwa wa kazi, wa wanawake na wa uchumi bila kuomba radhi. Chuoni, Mlimani kuna idara ya historia na kuna ya akiolojia na urithi. Kwa hiki unachokifanya anzia ya kwanza, na uchukue walau somo moja la akiolojia ili ujifunze kusoma nyumba na vyombo. Jifunze pia kusoma Kijerumani kidogo ukipata nafasi, maana mafaili mengi ya kabla ya 1916 yameandikwa kwa lugha hiyo.

Na utakapokaa tena na bibi, usimwulize ilikuwa mwaka gani. Mwulize wakati wa mgomo nani alileta chakula nyumbani, kodi ya chumba ilikuwa kiasi gani, na ilipandishwa lini. Akitaja bei, iandike hapohapo kwa maneno yake. Tarehe utaipata Upanga.